Askari Akivua Sare Yake

Swali nitakalolieleza mwezi huu halikuzaliwa darasani, lilizaliwa sokoni. Nalileta kwenu kwa kuwa lilitugawa sisi walimu wawili wa shule moja, tukalizungumza njia nzima hata giza likaingia, wala hatukulimaliza. Nalo ni hili: Askari wa polisi aliyemaliza zamu yake, aliyevua sare yake, naye yu mbali na kituo alichopangiwa, je, ana haki ya kumkamata mtu? Na kama anayo, yafaa ipanuliwe, au yafaa ipunguzwe?

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Majira ya mavuno, hapa Songea, kijana mmoja wa shamba alileta mjini mahindi yake, magunia sita, akawa akingoja mnunuzi. Akatokea mtu mwenye shati la kawaida, akamshika mkono kwa nguvu, akasema, "Mimi ni askari. Twende." Kijana akauliza kosa lake, akajibiwa kwamba atalijua huko aendako. Watu wakakusanyika. Wengine wakasema, "Msiingilie, huyo ni mtu wa serikali." Wengine wakasema, "Huenda ni mwizi, ataka kumtenga na mali yake." Basi mzee mmoja auzaye mikeka akasema kwa upole, "Baba, kama wewe u askari, kituo si mbali. Twende sote, nasi tutakuwa mashahidi wako." Neno hilo halikuwa na matusi ndani yake, wala halikuweza kukataliwa. Wakaenda.

Huko kituoni ikajulikana kwamba yule mtu ni askari kweli, ila ni wa wilaya nyingine, amekuja likizo kwao. Na kosa la kijana ni kwamba msimu uliopita alichukua mbolea kwa ndugu yake yule askari, wala hajamaliza kulipa. Mkuu wa zamu akamtazama mwenzake, akasema, "Deni hudaiwa mahakamani, halifungwi pingu." Kijana akaachwa aende zake. Lakini aliporudi sokoni, alikuta magunia manne tu.

Mwalimu mwenzangu alikasirika sana. Tulipokuwa tukirudi nyumbani akasema, "Sheria na iseme wazi: askari akivua sare, awe raia kama mimi na wewe. Na akitoka katika wilaya yake, mamlaka yake yabaki kule kituoni, yaning'inie msumarini pamoja na kofia yake."

Nikamjibu, "Mwalimu, hasira yako ni ya haki, lakini dawa yako yaweza kumwua mgonjwa." Nikamkumbusha jambo tulilolijua sote wawili. Katika kijiji kimoja cha njia ya Mbinga, kijana aliyeiba mbuzi alizungukwa na watu wenye fimbo na mawe, na mmoja alikuwa amekwisha kwenda kuleta mafuta ya taa. Mtu mmoja aliyekuja msibani, mgeni wa kijiji kile, akapenya katikati yao, akamshika yule kijana, akasema kwa sauti kuu, "Mimi ni askari wa polisi. Huyu yu chini ya ulinzi. Atakayempiga atajibu." Akaketi naye mlangoni pa ofisi ya kijiji hata jioni, wenzake walipokuja kumchukua. Askari yule hakuwa zamuni, wala hakuwa na sare, wala wilaya ile haikuwa yake. Kama mamlaka yake yangekuwa yamebaki msumarini, kijana yule angekuwa kaburini, na kijiji kizima kingekuwa na damu mikononi. Kukamatwa kule kulikuwa kuokolewa.

Basi, mambo mawili, na tendo moja: mtu asiye na sare amemshika mtu mkono. Katika la kwanza tendo lile ni dhuluma, katika la pili ni rehema. Kazi yetu ni kutafuta ni nini kilichoyatenga.

Kwanza tutazame sheria ya nchi yetu, maana asiyejua mpaka wa shamba lake hawezi kumshtaki jirani yake. Katika Tanzania jeshi la polisi ni moja kwa nchi nzima, na sheria ya jeshi hilo humhesabu askari kuwa yu kazini wakati wote. Kwa hiyo mpaka wa Mbinga na Songea si ukuta kwake. Hapo mwenzangu alishangaa, maana alidhani kwamba askari yule wa sokoni alikosa kwa kuwa alikuwa mgeni. Sivyo. Tena Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 haikuwapa askari peke yao ruhusa ya kukamata: hata raia aweza kumkamata mtu atendaye mbele ya macho yake baadhi ya makosa yaliyotajwa humo, ila yampasa amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Na sheria hiyo hiyo yaagiza kwamba mkamatwa aambiwe sababu ya kukamatwa kwake, kwamba asifungwe kwa nguvu kupita kiasi kinachotosha kumzuia asitoroke, na kwamba afikishwe mahakamani upesi, na saa 24 ndizo kipimo kilichowekwa kwa makosa yasiyo makubwa sana.

Katika nchi nyingine mambo si hivyo. Marekani ina vikosi vya polisi kwa maelfu, miji mingi na vikosi vyake, na askari akivuka mpaka wa mji wake mara nyingi mamlaka yake hupungua au hukoma. Ndiyo maana huko wamebishana miaka mingi juu ya kupanua uwezo wa askari asiye zamuni. Mwaka 2004 ilitungwa sheria ya kumruhusu askari aliye nje ya zamu kuchukua bunduki yake kwa siri katika majimbo yote. Lakini sheria ile haikumpa uwezo wa kukamata watu huko. Tazameni, walimpa silaha bila mamlaka. Uingereza nayo, tangu zamani konstebo alikuwa na mpaka wake. Ni sheria ya mwaka 1964 iliyompa mamlaka katika England na Wales yote.

Na sisi wenyewe tuliijua mipaka ya namna hiyo. Katika siku za Waingereza, kila mtawala wa wenyeji alikuwa na eneo lake, na tarishi wake alikuwa na nguvu ndani ya eneo lile tu. Akivuka, ilimpasa kupita kwa mwenye nchi ile na kueleza alichokuja kutafuta. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, lakini wazee wetu walikwisha kutuachia methali: Jogoo wa shamba hawiki mjini. Wengi huitumia kumcheka mshamba. Nami naona ndani yake adabu ya mamlaka. Jogoo ni jogoo kila aendako, lakini awike pale anapojulikana.

Sasa nitazieleza hoja za upande mmoja na za upande wa pili, msomaji apate kupima.

Hoja ya wapanuaji ni hii. Uovu hauna zamu, wala hauna wilaya. Mwizi wa ng'ombe hasimami kwenye kibao cha mpaka ili kumngoja askari. Watu wa Shinyanga na Tabora walilijua hilo walipoanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walizifuata nyayo za mifugo yao kutoka kijiji hata kijiji, na mwaka 1989 serikali ikawatambua kwa sheria. Tena, ujuzi wa askari haukai katika nguo. Tabibu aliye safarini, akimwona mwenye kuzimia njiani, hasemi, "Leo si siku yangu ya kazi." Ninyi mnaosoma Injili mwalikumbuka lile simulizi la mtu aliyeangukia kwa wanyang'anyi katika njia ya Yeriko. Kuhani akapita, na Mlawi akapita. Nani ajuaye? Huenda kila mmoja alijiambia kwamba zamu yake hekaluni imekwisha, na kwamba njia ile si sehemu yake. Msamaria ndiye aliyekuwa mbali na kwao kuliko wote, naye ndiye aliyesimama.

Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali. Lakini angalieni vema: Msamaria alisimama kwa ajili ya aliyeumizwa. Hakusimama kwa ajili ya kudai chake.

Hoja ya wapunguzaji ni hii. Mamlaka si mali ya mtu, ni amana. Ni kama ufunguo wa ghala la kijiji: mtunzaji aenda nao mfukoni, lakini mahindi si yake. Maandiko yatupa mfano wa ajabu juu ya jambo hili. Saulo, kabla hajawa Paulo, alipotaka kwenda Dameski kuwakamata wafuasi wa Bwana, alikuwa na bidii kuliko watu wote. Hata hivyo alikwenda kwanza kwa kuhani mkuu kuomba barua. Hata mdhulumu alijua kwamba nje ya Yerusalemu bidii peke yake haitoshi, yahitaji hati. Lakini barua ile ilikuwa halali, na kazi yake ilikuwa mbaya. Kwa hiyo hati nayo haitoshi.

Nao wasemao kwamba hatari hii ni ya kufikirika, na wasikie habari ya London. Tarehe 3 Machi 2021, askari mmoja wa polisi wa mji ule, Wayne Couzens, ambaye hakuwa zamuni, alimsimamisha njiani msichana aitwaye Sarah Everard. Akamwonyesha kitambulisho chake cha kweli, akamtia pingu, akajifanya kwamba amekamata kwa haki. Akamchukua mpaka Kent, akamwua. Msichana yule alitii kama raia mwema apaswavyo kutii, na utii wake ndio uliotumiwa kumwangamiza. Mwenye kosa alihukumiwa kifungo cha maisha yake yote. Baadaye polisi wa London waliweka taratibu, kwamba askari asiye na sare, akiwa peke yake, amwezeshe raia kusema na makao yao na kuhakikisha kwamba ni askari kweli na yu kazini.

Ni jambo la kutafakari kwamba polisi hao hao, walioundwa na Robert Peel mwaka 1829, walipewa ukanda wa kuvaa mkononi ili raia ajue nani yu zamuni na nani hayuko. Watu wa siku zile walichukia sana wazo la askari wa siri. Ukanda ule mdogo ulikuwa ahadi: Nitakapokushika, utajua ni nani aliyekushika.

Wala tusiende mbali. Tarehe 6 Septemba 2024 watu wenye silaha walimshusha Bwana Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya chama cha CHADEMA, katika basi lililotoka Dar es Salaam kwenda Tanga. Kesho yake maiti yake ilionekana Ununio. Rais Samia Suluhu Hassan aliamuru ufanyike uchunguzi. Mimi si hakimu, wala sisemi waliomchukua ni akina nani. Nauliza swali moja tu: Abiria aliyeketi karibu naye angejuaje kama ni askari wanaotimiza sheria, au ni wauaji? Kama angewazuia, huenda angezuia haki. Kama angenyamaza, huenda angenyamazia mauti. Nchi ambayo raia mwema hawezi kutambua kukamatwa na kutekwa, imewatia raia wake wema katika mtego.

Niliposema hayo, mwenzangu akafurahi, akasema, "Waona! Basi wafungiwe ndani ya zamu zao." Lakini hapo nilimwomba tusimame kidogo. Januari mwaka 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, na dereva wa teksi aliyewachukua, walikamatwa na polisi Dar es Salaam, wakauawa kwa risasi. Kwanza ilisemwa kwamba ni majambazi. Tume ya jaji ikaona kwamba hawakuwa majambazi. Kesi ikachukua miaka mingi, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani afisa mmoja. Basi, wale waliowakamata watu hao walikuwa zamuni, na ndani ya mji wao wa kazi. Zamu haikuwaokoa marehemu. Kwa hiyo, Mwalimu, kisu hakikati pale unapokiweka. Tofauti ya haki na dhuluma haiko katika saa ya askari, wala katika ramani ya wilaya.

Iko wapi, basi? Nadhani iko katika mambo matatu, na yule mzee wa mikeka aliyagusa yote pasipo kusoma sheria.

La kwanza ni hili: askari anamkamatia nani? Aliyekuja msibani alimkamata mwizi kwa ajili ya uhai wa mwizi na amani ya kijiji. Yeye mwenyewe hakupata kitu. Wa sokoni alikamata kwa ajili ya mfuko wa ndugu yake. Mtu hawezi kuwa mdai na mshika pingu katika shauri moja. Sisi wa Songea tusingehitaji kufundishwa hilo. Tarehe 27 Februari 1906, hapa hapa mjini, Wajerumani waliwanyonga zaidi ya watu 60, watawala wa Wangoni na wakuu wao wa vita, na makaburi yao twayazuru kila mwaka. Walioshika, waliohukumu na waliotia kitanzi walikuwa mkono mmoja, nao ulikuwa mkono wa adui yao. Tangu siku ile udongo huu watuonya: mwenye shauri asipewe kamba.

La pili: je, jambo lenyewe lahitaji sasa hivi? Mtu anapigwa, nyumba inavunjwa, mtoto anaibwa. Hapo kungoja ni kushiriki. Lakini tuhuma ya mwaka jana, au deni, au ugomvi wa mpaka wa shamba, hayaungui kwa kungoja saa moja. Askari mgeni na aende kwenye kituo cha mahali pale, aeleze, wenyeji wa kazi wafanye. Heri kuchelewa kidogo na haki kuliko kuwahi na dhuluma.

La tatu: je, tendo lake laja nuruni? Bwana wetu alipokamatwa bustanini usiku, aliwauliza waliomjia kwa nini hawakumkamata mchana alipokuwa akifundisha hekaluni mbele ya watu wote. Hakuna swali kali kuliko hilo kwa mshika sheria yeyote. Askari asiye na sare na ajitaje jina na kituo chake, aonyeshe kitambulisho, aseme kosa, amfikishe mtu kwenye kituo kilicho karibu wala si pengine, na iandikwe kitabuni saa na jina la aliyemleta. Anayeogopa kitabu kile ana sababu ya kukiogopa.

Basi jibu langu ni hili. Mamlaka ya askari aliye nje ya zamu yasipanuliwe wala yasifutwe, bali yafungwe kwa kamba hizo tatu. Kwa yale ayaonayo kwa macho yake, yenye hatari ya sasa, awe askari kila mahali na kila saa. Tena asiposimama na alaumiwe. Kwa mengine yote awe raia, mwenye kupeleka habari kama raia. Na kadiri alivyo mbali na kituo chake, na pasipo sare yake, ndivyo deni lake la kujieleza linavyozidi. Mwenye kuvaa sare husemewa na sare. Aliyeivua ajisemee mwenyewe.

Nawe msomaji utauliza, "Na akivunja masharti hayo, nani atajibu?" Swali hilo ndilo kitovu cha yote. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa kwa wingi kwa tuhuma za mauaji, na baadhi yao walikufa kwa mateso mikononi mwa waliowakamata. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa waziri mwenye kuangalia polisi. Hakumpiga mtu, wala hakuwa kule. Lakini mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa yaliyotendwa yalitendwa chini ya dhamana yake. Miaka minane baadaye taifa lilimfanya Rais. Naona kwamba watu hawakumpima kwa mamlaka aliyoyashika tu, bali na kwa yale aliyoyaweka chini. Cheo ni dhamana, husema watu wetu; na dhamana isiyo na mtu wa kuijibia ni wizi uliovaa kofia.

Sisi walimu tuna sehemu yetu pia. Kiranja wa darasa tunayempa fimbo ya kuwanyamazisha wenzake, tumemfundisha nini? Kama anawaandika adui zake ubaoni na kuwaacha rafiki zake, nasi twalijua na kunyamaza, tusishangae miaka ishirini baadaye kumkuta sokoni, akiwa na shati la kawaida, akishika mkono wa mtu na kusema, "Twende."

Na wewe uliye raia, jifunze kwa yule mzee. Hakumtukana askari, hakupiga kelele, hakukimbia. Alisema, "Twende sote." Katika maneno mawili alimheshimu mwenye sheria, na akamlinda aliyeshikwa. Magunia mawili ya yule kijana hayajaonekana hata leo, na hilo bado laniuma, maana sisi sote tuliokuwapo tuliondoka kwenda kituoni kutazama, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kubaki kulinda mali yake. Mwenzangu asema sheria ikiwa nzuri, kijana asingepotewa na kitu. Mimi nasema sheria nzuri yahitaji pia mtu mmoja wa kubaki na magunia.